Kilima Nilichomchagulia Mume Wangu

Ijumaa ikifika saa tisa alasiri simu yangu huanza kuita, na kabla sijapokea huwa nimeshajua kwamba kuna mtumishi amechoshwa na kuta za nyumba ya kupanga. Leo ni daktari aliyehamishwa kutoka Moshi, kesho ni mhasibu wa Lindi, keshokutwa mkufunzi mgeni wa chuo cha ualimu anayetaka picha za kuwatumia ndugu zake. Swali lao ni moja. "Mwalimu, kesho tupande wapi?" Nami hujibu bila kusitasita, kwa sababu katika Kasulu yote hakuna anayevijua vilima kunishinda. Sisemi kwa majivuno. Au tuseme ninasema kwa majivuno, lakini ni kweli.

Nimezaliwa Muyama, kwenye miinuko ile ambayo mtoto hujifunza kushuka kabla ya kujifunza kutembea sawasawa. Nasomesha jiografia. Kazi hii ya kuchagulia watu vilima niliianzia Kibondo, miaka ya mwanzo ya ajira yangu, tulipokuwa walimu wanne vijana ambao Jumamosi hatukuwa na pa kwenda isipokuwa sokoni, na sokoni tulikuwa tumeshamaliza kutazama kila kitu. Nilipohamia Kasulu niliukuta mji una magari, ofisi, benki na soko la kila siku, na kwa watu wa vijijini kwetu hilo ndilo jiji. Jiji likikuchosha unahitaji mlima, na mlima wenyewe uwe wa kwenda na kurudi kabla giza halijaingia.

Watu hudhani kuchagua kilima ni kutazama kipi kirefu. Yule mhasibu wa Lindi alifanya hivyo. Alichagua mwenyewe kwenye simu yake, akatafuta chenye kilele kikali kuliko vyote, akapanda akipiga miluzi, kisha akashuka kwa makalio. Suruali aliyorudi nayo mjini sikuitazama mara mbili, ni kwa heshima tu. Nilimwambia kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, naye hakucheka.

Mimi naanza na gari. Kama Probox haifiki chini ya kilima, hicho si kilima cha Jumamosi, ni safari. Halafu naangalia njia inapitwa na nani. Mwanamume anaweza kupita popote kwa ubishi wake, lakini mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni hapiti njia ya kijinga. Nikiona njia ina nyayo za akina mama waendao gulioni, naiamini kuliko ramani. Mwezi wa tatu na wa nne simpeleki mtu popote, maana udongo wetu mwekundu ukilowa hauna urafiki. Na jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni watu. Kilima kiwe na nyumba, mashamba, watu wanaolima pembeni mwa njia. Ukiteguka mguu kwenye kilima kisicho na watu, utaeleza shida yako kwa nyani. Sharti hilo la watu ndilo lililonipa somo mwaka huu, na nilipewa somo hilo mbele ya mume wangu.

Mume wangu ni mtu wa Rufiji, kule kwenye mashamba ya mpunga ambako kitu kirefu kuliko vyote ni mnazi. Aliletwa Kibondo kuwa mpima ardhi. Siku ya kwanza alikuja shuleni kuazima ramani yangu ya darasani, akasema atairudisha kesho, akairudisha baada ya wiki mbili akiwa ameikunja vibaya, nami nilimgombeza mpaka akaamua kunioa. Mtu huyo wa tambarare alijifunza vilima vyetu kuliko wenyeji. Alivipima kwa miguu, kijiji kwa kijiji, na vijana wake wa kubeba mawe ya mipaka walikuwa wanachoka yeye akiwa bado anasema twendeni pale mbele.

Mvua za mwaka jana bodaboda aliyopanda kwenda kazini upande wa Rungwe Mpya iliteleza kwenye tope. Dereva aliumia kidogo. Mume wangu alivunjika paja, akawekewa vyuma, akalala hospitali wiki nyingi. Mwezi wa nne madaktari walisema mfupa umeunga vizuri na sasa dawa iliyobaki ni kutembea. Yeye akaona dawa iliyobaki ni kukaa. Alikaa sebuleni, redio pembeni, mguu juu ya kigoda, anawasikiliza watu wa Dar es Salaam wakibishana kuhusu mpira. Nilimnunulia fimbo kwa seremala Mkongo karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mtu mpole aliyeilaza mikononi mwangu akasema, "Mama, hii fimbo iko muzuri, itamubeba baba mpaka kule juu ya mulima." Fimbo ikasimama nyuma ya mlango kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti.

Kisha Jumanne moja ya mwezi wa sita, tunakula ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, akasema Jumatatu ijayo atakwenda ofisini kuomba kustaafu kwa sababu za afya. Tutarudi kwao Rufiji. Alishafikiria yote, hata nyumba ya kaka yake tutakayoanzia. Nikamuuliza huko atafanya nini. Akasema, "Nitaangalia mpunga."

"Kuangalia mpunga ni kazi?"

"Mpima ardhi asiyeweza kupanda ni nini, Mwalimu? Niambie wewe, maana wewe ndiye unayejua kila kitu."

Niliinuka nikakusanya sahani, bado zina ugali. Niliogopa. Sikuogopa Rufiji, nimekwenda huko mara nyingi na shemeji zangu wananipenda. Niliogopa ile sauti. Ilikuwa ya mtu anayejifungia mlango kutoka ndani, na nilijua akishafika kwenye kibaraza cha kaka yake hatainuka tena pale. Alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Kwa hiyo nilifanya ninachokijua. Nilimwambia: Jumamosi nitakuchagulia kilima. Ukifika juu, ukasimama, ukatazama Burundi upande ule, kisha ukasema bado unataka kwenda, Jumatatu mimi mwenyewe nitakufungia mizigo na sitasema neno. Alijua kwamba mimi kutosema neno ni zawadi ambayo hajawahi kupewa, akakubali.

Nimewachagulia watu vilima vingi, lakini hicho ndicho cha kwanza nilichokichagua nikiogopa kukosea. Nilikataa vyote vilivyo karibu na mji, kwa sababu huko angeonwa na watu wa ofisi yake. Nilikataa kijiji nilikozaliwa, kwa sababu kwetu hatuwezi kupita bila kula nyumba tatu, na mtu aliyeshiba maharage kwa mawese hapandi popote. Nikaamua kilima kimoja upande wa pili wa kata ya Muyama. Kina njia pana ya kwenda gulioni, mwinuko wa taratibu, na migomba ya kutosha kumkinga mtu na jua. Alhamisi, baada ya kipindi cha mwisho, nikachukua bodaboda nikaenda kukijaribu peke yangu. Nilikipanda bila kukunja goti la kulia, kama ambavyo yeye angepanda, nikihesabu mahali pa kupumzikia. Nilipata mahali patano. Wakulima waliniona. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia mihogo aliniamkia, "Mwakeye," kwa sauti ya huruma mno, halafu akakaa ameegemea jembe ananitazama ninavyochechemea hadi juu, na nilipoteremka mbio mbio kwa miguu yote miwili mizima aliendelea kunitazama. Sikuona sababu ya kumweleza.

Jumamosi tulifika chini ya kilima saa mbili asubuhi. Mume wangu alikaa kiti cha mbele cha Probox, fimbo katikati ya magoti. Umande ulikuwa bado uko kwenye majani na hewa ilikuwa na baridi ile yetu ya kiangazi ambayo wageni huiogopa. Nilikuwa na uhakika wa kila kitu. Nilimwambia pa kupumzikia ni mahali patano, kwamba pa kwanza ni jiwe lile, pa pili ni chini ya mti wa kahawa, na kwamba hakuna pa kuogopa. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu," kama mwanafunzi wa nyuma ya darasa.

Alipanda vizuri mpaka kwenye jiwe. Alipanda vivyo hivyo mpaka kwenye mti wa kahawa. Kati ya hapo na mahali pa tatu kuna kona nyembamba, juu yake tuta la mihogo, chini yake mteremko unaomomonyoka, na Alhamisi niliipita bila hata kuiona, maana nilikuwa najifanya kilema kwa miguu mizima. Yeye aliipita kwa shida, fimbo ikitafuta mahali pa kushika. Alipofika pa tatu alikaa chini, akavua kiatu cha kulia, na uso wake ukawa na rangi ya majivu. Jasho lilikuwa linamtoka hewa ikiwa ya baridi. Nilimpa maji. Nikamwambia amebakiza mahali pawili tu. Alikuwa anautazama mguu wake kama mtu anayemtazama mtoto aliyemwaibisha mbele za wageni.

Hapo ndipo nilipoisikia sauti. Yule mama wa mihogo alikuwa kwenye shamba lake ng'ambo ya korongo. Juzi alimwona mwanamke anachechemea kupanda, leo anamwona mwanamke yule yule na mwanamume anayechechemea zaidi, ameketi njiani, kavua kiatu. Akajumlisha. Akaweka mikono kinywani akapaza sauti, na kwenye vilima vyetu sauti ya mama hufika kabla simu haijatafuta mtandao. Kutoka juu sauti nyingine ikaitikia, na kutoka migombani nyingine.

Sikumaliza hata kumfunika mume wangu kanga mabegani, wakawa wamefika. Wanaume sita, mmoja wao mtu mzima wa mvi, mbio, na machela begani. Kwa asiyejua, machela yetu si ile ya hospitali. Ni miti miwili mirefu, kamba za katani zilizosukwa katikati, blanketi juu, na kila kitongoji kinayo yake, na mtu akiumwa hakuna anayeombwa kubeba. Ukisikia sauti unaacha jembe, unakwenda, unaweka bega. Hatuulizi mgonjwa ni nani wala wa dini gani. Nimekulia ndani ya desturi hiyo na ninaipenda kuliko desturi nyingine yoyote tuliyo nayo.

Walisalimia kwanza, hata kwa haraka ile. Kisha wawili wakamshika mume wangu kwapani.

"Jamani, asanteni," alisema kwa adabu zake za pwani, "lakini mimi siumwi."

"Ego, ndiyo baba," alijibu yule mwenye mvi huku anakunjua blanketi. "Wote wanasema hivyo."

"Nimepumzika tu."

"Utapumzikia humu. Buhoro, polepole vijana, mguu huo mushike buhoro."

Nilicheka. Nakiri nilicheka, kwa jinsi alivyokuwa anawashukuru huku anawasukuma. Na katikati ya kicheko nikapata wazo nililoliona la akili kupita mawazo yote niliyowahi kupata. Hawa ni wanaume sita wenye nguvu. Kilele kiko pale juu. Akifika atasimama, ataona, na mapatano yetu hayakusema afike kwa miguu ya nani. Nikawaambia kwa Kiha, kwa sauti ya mwalimu, "Msimteremshe. Mpandisheni juu."

Waliganda. Mmoja aliachia kamba aliyokuwa anaikaza. Mwenye mvi alinitazama, kisha akaiweka machela chini polepole na kuvua kofia yake.

"Mama, wewe ni mtu wa wapi?" aliuliza kwa Kiswahili, kwa makusudi, kama anavyoulizwa mgeni.

"Wa Muyama."

"Wa Muyama," alirudia. "Mutu wa Muyama hajui? Machela inashuka na mgonjwa. Ikipanda imebeba marehemu."

Nilijua. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba nilijua tangu utoto. Hospitali na barabara viko chini, nyumba ziko juu. Aliye hai tunamshusha. Aliyepona hupanda kwa miguu yake, hata kama ni kwa siku mbili, hata kama ni kwa kushikwa mikono, lakini habebwi. Anayebebwa kupanda ni yule anayerudishwa nyumbani kuzikwa. Baba yangu alipanda hivyo. Nilikuwa darasa la tano, nilitembea nyuma ya machela nikiwa nimeshika ncha ya blanketi, na hakuna aliyenieleza maana yake kwa sababu kila mtoto aliijua. Miaka ya mjini, na safari zangu za Jumamosi, na ujuzi wangu wote wa vilima, vilikuwa vimeifuta kabisa, mpaka nikasimama kwenye ardhi ya kwetu nikaagiza mume wangu apandishwe kama maiti. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nianze kushika chaki.

Mume wangu alikuwa amesikia kila neno. Akanitazama kutoka chini alikokaa. "Mwalimu," alisema, "kumbe ulishanichagulia na kaburi?"

Wabebaji wakaangua kicheko, cha kushusha pumzi zaidi kuliko cha furaha. Mimi sikucheka. Naye hakuendelea kucheka, alivuta pumzi, akajilaza mwenyewe kwenye machela bila kushikwa, akasema, "Basi niteremsheni, jamani. Nimechoka kubishana na mke wangu na mguu kwa wakati mmoja."

Wanne wakaweka mabega, wakainuka, wakaanza kushuka. Nilifuata nyuma nikiwa na fimbo mkono mmoja na kiatu mkono wa pili. Nilijua maana yake. Jumatatu angekwenda ofisini, na mimi ndiye niliyekuwa nimempa sababu aliyokuwa anaikosa. Sasa angeweza kusema hata milima imemkataa. Nilikuwa nalia kimya kimya bila kufuta machozi, maana mikono ilikuwa imejaa.

Tukafika kwenye ile kona nyembamba. Watu wanne waliobeba machela hutembea wawili wawili, bega kwa bega, na njia pale ilikuwa ya mtu mmoja na nusu. Wa upande wa juu walikwea tuta la mihogo, wa upande wa chini wakakanyaga udongo unaomeguka. Machela ikalala upande. Mguu mbovu ukateleza ukabanwa na mti wa machela, na mume wangu akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia hata hospitalini.

"Simameni!" alisema. "Hapo hapo. Simameni."

Walisimama wakitetemeka. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko, amefumba macho kwa maumivu. Alipoyafumbua hakunitazama mimi wala mguu. Alitazama tuta.

"Nani amelima hapa?"

Mwenye mvi akaeleza kwamba shamba la juu lina mwenyewe na la chini lina mwenyewe, na wa juu kila msimu husogeza tuta upana wa jembe moja, na wa chini kila mvua hupoteza ukingo, na njia imebaki katikati inaliwa kama ndizi kwa pande mbili. Kikao cha kitongoji kilishakaa, wakatukanana wakaachana. Wajawazito hubebwa kupita hapa machela ikiwa imelala hivi hivi. Msimu wa mvua mmoja wao alidondoka, akajifungulia kwenye tope lile pale, Mungu akasaidia.

"Njia ya zamani ilikuwa inapita wapi?"

Wakaanza kubishana wote kwa pamoja, huyu anaonyesha huku, yule kule.

"Nishusheni," alisema mume wangu.

"Baba, tumebakiza kidogo kufika kwenye gari."

"Nishusheni, nimesema. Mwalimu, nipe kiatu."

Nilimpa kiatu. Alikivaa mwenyewe, akafunga kamba, akanyoosha mkono nikampa fimbo. Alisimama akiwa amepauka, midomo imekaza, akaukabili ule mteremko jinsi nilivyomwona akiikabili miteremko ya Kibondo zamani. Mwenye mvi akamuuliza yeye ni nani hasa.

"Mpima ardhi. Lakini mimi ni wa wilaya ya Kasulu, huku ni wilaya ya Buhigwe, sina muhuri wa huku."

"Hatutaki muhuri, bwana ardhi," alisema mzee. "Tunataka jicho."

Sijui niseme nini kuhusu saa moja iliyofuata, isipokuwa kwamba hakuna aliyeniuliza chochote. Aliwaamuru wanne wabebe machela tupu wasimame nayo kwenye kona, mabega yote manne, na viwiko vya nje vikiwa huru. Akafungua kamba ya akiba iliyokuwa imezungushwa kwenye mti wa machela, akapima upana wao, akapiga fundo. Kisha akaanza kuutafuta ukingo wa zamani, na ukingo wa zamani haukuwa chini. Ulikuwa juu, alipokuwa ameona kisiki cha mnyaa, mti wa kuonyesha mipaka, kimejificha kwenye majani. Akapanda kukifuata. Akakipata, akapiga fundo, akaona kingine juu zaidi, akapanda. Aliteleza mara moja, akashikwa, akasema asante akaendelea. Alipita mahali alipovulia kiatu. Nilifungua kinywa ili nimwambie kwamba amepapita, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nikakifunga bila kusema.

Wenye mashamba waliitwa, wakaja wakiwa wameshakunja uso kila mtu upande wake. Wa juu alianza kudai kwamba shamba ni la babu yake. Mume wangu alikaa juu ya tuta lenyewe, mguu umenyooshwa, unatetemeka mpaka mimi niliyekuwa chini nikauona, akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, mimi simpi mtu shamba wala simnyang'anyi. Nimepima mabega ya hawa vijana. Mke wako akiumwa, atapita hapa hapa." Yule mtu alitazama kamba yenye mafundo, akatazama machela, akashusha jembe lake. Wa chini naye alikuwa ameshaanza kutabasamu, akaambiwa apande majani kwenye ukingo wake aache kulalamikia mvua, tabasamu likapungua.

Kilele kilikuwa pale, nawahakikishia. Nyasi zake nilikuwa naziona zinavyopepea. Sikuweza kujizuia, mtu haachi tabia kwa asubuhi moja. Nilipanda mpaka alipokuwa nikamwambia taratibu, "Juu ni hapo tu."

"Juu kuna nani?" aliuliza bila kugeuka, akaendelea kufunga fundo.

Tulipoanza kuteremka, kwa miguu, yeye mbele na wabebaji nyuma na machela yao tupu, aligeuka kuzungumza na mwenye mvi. Alikuwa anahema na shati limelowa mgongoni. "Hii ni kamba ya kukisia tu, mzee. Msiguse tuta hata moja. Jumatano nitarudi na mwenzangu wa wilaya hii, tuje na vipimo vya kweli."

Jumatano.

Mtu wa kuomba kustaafu Jumatatu alisema kama mtu anavyosema kesho nitanunua mkate. Sidhani hata alijisikia. Wabebaji wakaitikia ego, ego, wakaendelea kushuka, na mimi miguu yangu, ile mizima, ikakataa kabisa kusonga. Nilikaa chini kwenye njia ya watu nikalia kwa sauti, mwalimu mtu mzima, kamasi na yote.

Yule mama wa mihogo alikuwa amevuka korongo kuja kutazama. Akainama karibu yangu, akaniuliza kwa Kiha ni wapi panaponiuma, ni mguu ule wa juzi?

"Siumwi, mama," nikamwambia. "Amesema Jumatano."

Alinitazama usoni. Hakuelewa mtu analiaje kwa sababu ya Jumatano, lakini hakuuliza tena. Alilaza jembe lake chini, akanionyesha mpini nikae juu yake, nisichafue kitenge.